Chumba cha Kuzoeshea Madirisha

Asubuhi ya kuchagua madirisha, Mama Bawaba alifika nyumbani kwa mama yake mdogo akiwa na futi shingoni, penseli sikioni na kapu la vipande vya mbao, kila kipande kikubwa kama kiganja. Alikuwa fundi wa milango na madirisha. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu hakuwahi kuingia nyumba ya mtu bila kuusukuma mlango kwa kidole kimoja na kusikiliza. Mlango ukilia, hakai mpaka autie mafuta. Chai yake ilikuwa inapoa hivyo katika nyumba nyingi.

Nyumba zenyewe zilikuwa mbili. Mbele ilikuwa ile ya zamani, yenye kuta nene kiasi kwamba paka aliweza kulala kwenye kingo ya dirisha na mkia ukabaki ndani. Nyuma yake lilikuwa limepanda jengo jipya la ghorofa, jeupe, limenyooka, bado linanuka saruji. Yote mawili yalikuwa mikononi mwa mtoto wa kwanza wa mama mdogo, ambaye kila mtu, hata waliomzidi umri, alimwita Kaka Mkubwa. Alikuwa mpole. Hakuwahi kupandisha sauti, na kwa kweli hakuwa na sababu, maana mambo yalikuwa yanakwenda atakavyo.

“Mimi nataka yafanane yote,” alisema mke wake. “Vioo vipana, mbele na nyuma. Mtu akipita barabarani ajue hapa watu wameamka.”

“Wifi,” alisema Mama Bawaba, “bibi yako utamvisha kaptura?”

“Bibi yangu ameshakufa.”

“Basi nyumba hii haijafa. Tuivishe inavyostahili.”

Akaanza kazi. Kwenye nyumba ya zamani alichoma kila fremu kwa ncha ya bisibisi. Ncha ikizama, alisema, “Hii imekwisha.” Ikigoma, alisema, “Hii tutaiponya,” na wifi alikunja uso, kwa kuwa alitaka zote ziwe zimekwisha. Badala ya zilizokwisha alichagua madirisha marefu, membamba, ya mvule, yenye mabawa mawili na vibao vya kupitisha hewa, na yakae ndani kabisa ya unene wa ukuta ili mvua isiyafikie. Kwa jengo jipya alichagua mapana, ya ubawa mmoja unaosukumwa kutoka chini, fremu nyembamba, mbao yenye nyuzi zilizonyooka. Kioo kikubwa, alisema, hakitaki mbao yenye mambo mengi.

Alikuwa na utaratibu wake mmoja uliowachosha wenye haraka. Dirisha halichaguliwi na aliye barabarani, linachaguliwa na aliye ndani. Kwa hiyo katika kila chumba alikwenda kukaa pale anapokaa mwenye chumba, ndipo akaamua. Chumba cha mbele kilikuwa kimepangishwa kwa daktari wa meno. Mama Bawaba akajilaza kwenye kiti cha wagonjwa, akafumbua mdomo kidogo ili asikosee, akaona kwamba mgonjwa alikuwa anatazama mfereji wa jirani. Akaandika kwamba dirisha lipandishwe, mgonjwa aone mbingu. Daktari alishukuru kwa niaba ya wagonjwa.

Chumba cha mwisho kilikuwa pale nyumba ya zamani inapokutana na jengo jipya. Mama mdogo alikuwa amekaa kitandani, taa imewaka ingawa nje jua lilikuwa kali. Mama Bawaba akakaa karibu naye, kama utaratibu ulivyodai. Mbele yao palikuwa na ukuta, na katikati ya ukuta palikuwa na mraba uliopigwa lipu ya rangi iliyokaribia kufanana na ile nyingine.

“Na mimi wanichagulia lipi?” aliuliza mama mdogo.

Kaka Mkubwa alikuwa amesimama mlangoni. “Mama, hapa hakuna tundu. Dirisha haliwekwi pasipo na tundu.”

“Tundu lilikuwepo.”

“Lilikuwepo,” alikubali Kaka Mkubwa.

Mambo yalikwenda hivi. Mumewe alipofariki, mama mdogo alikuwa analala chumba cha mbele, kile kinachopata jua la asubuhi. Daktari wa meno alipotafuta nafasi, Kaka Mkubwa alimwomba mama yake asogee nyuma kwa muda. Alisogea. Kisha jengo jipya likapanda, na ukuta wake ukaja kugusana na dirisha la chumba hicho cha nyuma. Wajenzi waliuliza wafanye nini. Waliambiwa wazibe kwa muda. Walifanya kazi safi, kwa matofali ya kuchoma na saruji ya kutosha, na kazi ya namna hiyo watu hawaifanyi kwa ajili ya jambo la muda. Mama mdogo alikuwa ndani wakati wanaziba. Aliwapatia maji ya kunywa kupitia tundu lilelile, mpaka lilipokuwa dogo kiasi kwamba bilauri haikupita.

Mama Bawaba alitoka chumbani. Huyu mama ndiye aliyemlea tangu mama yake mzazi alipokufa, na ndiye aliyemnunulia randa ya kwanza wakati ndugu wengine wanacheka. Alimkuta Kaka Mkubwa ukumbini, akamwambia ukuta ule unaweza kufunguliwa. Ghorofani nyuma yake palikuwa na stoo tu, mtu angeweza kuacha uwazi wa hewa katikati, mwanga ukashuka. Alikuwa ameshaona nyumba zilizofanywa hivyo.

“Nimekusikia, dada,” alisema Kaka Mkubwa. “Baadaye.”

Mbao za madirisha na milango haziingizwi ukutani siku zinapotoka karakana. Fundi anayejua kazi huzipeleka kwanza zikae ndani ya nyumba zitakayoishi, ziegemezwe ukutani, zizoee hewa yake. Mbao isiyozoeshwa huvimba au hupinda, na mteja humtafuta fundi wake kwa jina asilobatizwa. Mahali pa kuzoeshea panatakiwa pawe tulivu, pasiwe na jua wala upepo. Mama Bawaba alizunguka nyumba nzima akinyoosha kidole kilicholoweshwa mate. Chumba cha mbele kilikuwa na jua. Ukumbi ulikuwa na upepo. Jengo jipya lilikuwa bado linatoka unyevu wa saruji. Palifaa mahali pamoja tu, chumbani kwa mama mdogo, na palifaa kwa sababu hapakuwa na dirisha.

Aliona aibu kulisema. Mama mdogo ndiye aliyemrahisishia.

“Yalete,” alisema. “Angalau nitakuwa na wa kutazamana nao.”

Yakaletwa. Marefu yaliegemezwa kushoto, mapana kulia, yote kwenye ukuta ule wenye mraba wa lipu, na kitanda kikasogezwa kidogo kupisha.

Mama Bawaba aliporudi kukagua kama kuna fremu iliyoanza kupinda, alikuta taa imezimwa na chumba kina mwanga. Mama mdogo alikuwa amefungua mabawa ya dirisha refu la kwanza. Jua la asubuhi lilikuwa limeingia, limelala kitandani hadi kwenye mto. Yeye mwenyewe alikuwa ameegemea kingo, anamenya chungwa.

“Limepinda?” aliuliza mama mdogo.

Mama Bawaba akapima pembe zote kwa kamba. “Halijapinda.”

“Vizuri. Maana lafunguka vyema.”

Nje ya dirisha kulikuwa na barabara ileile ya mbele, kabla haijatiwa lami. Mti uliokatwa ulikuwa umesimama. Muuza matunda aliyefariki zamani alikuwa anapita na tenga lake kichwani, na ndiye aliyeuza lile chungwa. Mama Bawaba alimsalimia, naye akaitikia, akauliza habari za karakana. Maganda ya chungwa mama mdogo aliyakusanya kwenye sahani, kwa kuwa wifi alishalalamika kwamba yanavuta sisimizi.

Madirisha marefu, yale yaliyotengenezwa kwa ajili ya nyumba ya zamani, yalifungukia siku zilizopita. Mapana, ya jengo jipya, yalifungukia siku ambazo hazijafika. Mtu akifikiri vizuri ataona kwamba isingeweza kuwa kinyume. Katika yale mapana palikuwa na ua ulioota majani, na watoto ambao hawajazaliwa walikuwa wanakimbizana. Wawili kati yao walikuwa na masikio ya Kaka Mkubwa, kwa bahati mbaya. Mama mdogo alipenda kuwatazama wakati wa adhuhuri. Siku moja alimwita mmoja wao, msichana mwenye pengo, akamwuliza kama anajua yeye ni nani.

“Sijui, bibi.”

“Na hapa ninapokuitia, wewe waona pana nini?”

Mtoto akatazama kwa makini, kama watoto wanavyotazama wakiulizwa swali na mtu mzima. “Ukuta tu,” akasema, kisha akakimbilia wenzake.

Mama mdogo alimsimulia Mama Bawaba jambo hilo bila kulia. Aliyelia ni Mama Bawaba, akiwa ameinama chini kabisa kukagua bawaba ambazo hazikuwa na shida.

Nyumba ilizoea upesi. Yalikuwa majira ya mvua, nguo hazikauki, na wifi akaanza kuzileta chumbani kwa mama mkwe, akazitundika mbele ya dirisha refu ambako kulikuwa na kiangazi cha zamani. Zilikauka vizuri sana, ingawa zilinuka vumbi kidogo. Daktari wa meno naye alikuwa anabisha hodi akitaka kujua kama kesho itanyesha. Mama mdogo alitazama kwenye dirisha pana, akamjibu. Kwa wiki kadhaa chumba kile ndicho kilichokuwa na watu wengi kuliko vyote. Mama mdogo alinenepa kidogo na ngozi ikarudisha rangi. Alisema hajawahi kujua kwamba mtu anaweza kuona njaa ya jua kama ya chakula.

Baba mdogo, marehemu mume wa mama mdogo, alikuja alasiri moja, kwa dirisha refu la tatu. Mama Bawaba alikuwa anapiga msasa. Wifi alikuwa anafuta vioo. Daktari alikuwa mlangoni akisubiri habari za mvua, na Kaka Mkubwa alikuwa amekuja kuuliza madirisha yatakuwa tayari lini. Baba mdogo alikuwa amevaa shati lake la mistari, na wifi, aliyekuwa ameligeuza shati hilo kuwa tambara miaka mingi iliyopita, alilitazama lililokuwa mkononi mwake, akalikunja, akaliweka mfukoni.

“Shikamoo, baba,” alisema Kaka Mkubwa.

“Marahaba. Mbona mama yako analala ushorobani?”

“Si ushoroba, baba. Ni chumba.”

“Chumba hakina dirisha?”

“Ni kwa muda.”

Baba mdogo akaweka mikono yake juu ya kingo. Ilikuwa na vumbi la barabara ya zamani, na vumbi hilo lilianguka sakafuni, ndani. “Nyumba hii nilimwachia nani?”

“Ulimwachia mama.”

“Na watu uliwaambia nini?”

“Niliwaambia umeniachia mimi.”

Alilisema jambo hilo kwa sauti ileile aliyoulizia madirisha. Mama Bawaba aliacha kupiga msasa. Miaka yote alikuwa ameamini kwamba nyumba ilikuwa ya Kaka Mkubwa kihalali na kwamba mama mdogo alikuwa anahifadhiwa kwa hisani. Alimtazama mama mdogo. Mama mdogo alikuwa anatazama mikono ya mumewe.

“Wewe ulijua, mama?” aliuliza Mama Bawaba.

“Mume wangu aliniambia mimi kwanza. Nitaachaje kujua?”

“Mbona hukusema?”

“Nilisema. Mwanangu aliniambia, baadaye.”

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema wahenga, lakini hawasemi mtu afanye nini akishakijua, na nguo ndiyo hiyo moja.

“Kwa nini ulifanya hivyo?” aliuliza baba mdogo.

“Ilikuwa rahisi, baba. Watu wa vibali wanataka mtu mmoja wa kuzungumza naye. Na mama hapendi ngazi.”

“Basi mrudishie.”

“Baba, jengo limeshasimama. Lina wapangaji wanaosubiri.”

Baba mdogo alirudi nyuma hatua chache, akainua uso, akalitazama jengo ambalo kwa upande wake lilikuwa halijajengwa. Alilitazama toka chini hadi juu. Maisha yake yote alikuwa msimamizi wa ujenzi, na alikuwa mtu wa haki.

“Limesimama wima,” alisema.

“Ahsante, baba.”

Daktari alikohoa, akauliza kama kesho itanyesha. Wifi alichungulia dirisha pana, akamwambia itanyesha jioni tu. Daktari akashukuru, akaenda zake. Naye alikuwa amesikia kila neno, na tangu siku hiyo alimsalimia mama mdogo kwa heshima zaidi, lakini chumba chake cha mbele kilikuwa na jua la asubuhi, na wagonjwa walikuwa wameshakizoea.

“Mke wangu,” alisema baba mdogo, “njoo huku basi. Chumba cha mbele kiko wazi. Nimekifagia.”

Nyuma yake kilionekana kweli, kwa mbali, pazia lake la kijani likipepea. Mama mdogo alisimama. Alishika kingo kwa mikono miwili. Dirisha lilikuwa kubwa vya kutosha kwa mtu mwembamba, na yeye, hata baada ya kunenepa, alikuwa mwembamba. Hakuna aliyemzuia. Kaka Mkubwa hata alisogeza kigoda kwa mguu, kikafika karibu na ukuta.

Mama mdogo alikiona kile kigoda.

“Huko nimeshaishi,” alimwambia mumewe. “Nikitoka kwa dirisha leo, kesho hawa watasema nimehama kwa hiari yangu. Mimi sitaki kwenda jana. Nataka dirisha huku.”

Baba mdogo alitikisa kichwa kwa namna ya mtu aliyemjua mkewe. Alimwita muuza matunda, akachukua chungwa kubwa kuliko yote, akampa mkewe. Kisha akaenda kwa mwendo wake wa taratibu, na wifi akatoa tambara mfukoni akaendelea na vioo.

Madirisha yalipokwisha kuzoea, yaliingizwa kuta zake. Ilikuwa kazi nzuri, na Mama Bawaba, ingawa moyo wake ulikuwa mzito, hakuweza kuifanya vibaya. Mabawa yalifungwa kwa sauti laini kama ya mtu anayefumba mdomo. Vibao vilipitisha hewa bila kupitisha macho ya watu. Wapita njia walisimama kutazama. Yakiwa ukutani, marefu yalionyesha barabara ya leo, yenye lami na pikipiki, na mapana yalionyesha ua wa leo ambao haukuwa na kitu. Mgonjwa wa meno aliona mbingu.

Chumba cha nyuma kikabaki na mraba wake wa lipu, na taa ikawashwa tena.

Siku ya kumaliza kazi, Mama Bawaba alimfuata Kaka Mkubwa ofisini kwake. Hakukaa.

“Kaka, fungua ule ukuta. Kama si ukuta, tuinue vigae viwili, niweke kioo juu. Kama si kioo, nikate juu ya mlango, niweke kidirisha, apate hata mwanga wa ukumbini. Mbao natoa mimi. Sitaki shukrani ya mtu.”

Kaka Mkubwa alimsikiliza hadi mwisho. Alikuwa msikilizaji mzuri sana.

“Dada,” alisema, “kwani mama anakosa nini? Anatazama jana, anatazama kesho. Mimi mwenye nyumba natazama barabara tu. Kati yetu wote, mwenye madirisha ni yeye. Wewe endelea kuleta ya wateja wako yazoee pale. Chumba nakupa bure.”

Mama Bawaba alitafuta neno la kumjibu. Maneno yote aliyoyapata yalikuwa ya matusi, na yule alikuwa kaka yake. Damu nzito kuliko maji, na siku ile aliuona uzito wake wote kifuani. Alitoka bila kuaga.

Akaamua asipeleke dirisha hata moja. Aliwaza kwamba giza likiwa giza kweli, bila chungwa wala kiangazi cha zamani, mtu yeyote mwenye moyo ataufungua ukuta. Madirisha ya wateja aliyazoesha karakanani, nyuma ya gunia, yakapinda mawili akagombana na watu. Alivumilia. Kila Jumapili alikwenda kumtazama mama mdogo, mikono mitupu, wakazungumza chini ya taa. Mama mdogo hakumwuliza kitu. Ngozi yake ilianza kurudia rangi ya karatasi. Alianza kusahau kama ni asubuhi au alasiri, akawa anakunywa chai mara mbili, na mara nyingine alipeleka kiganja kwenye ule mraba wa lipu akakiacha hapo, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Wifi alinuna, kwa kuwa nguo zilikuwa hazikauki. Daktari wa meno alinyeshewa mara kadhaa. Watu wa nyumba ile walianza kusema, na walilosema ni kwamba Mama Bawaba ana roho mbaya. Siku moja Kaka Mkubwa alimpokea mlangoni kwa upole wake wote.

“Dada, mimi si mtu wa lawama. Lakini mama amedhoofu. Wewe uliyemlea ndiye wa kumnyima madirisha?”

“Yeye ndiye aliyenilea mimi.”

“Ndivyo ninavyosema. Umnyime mtu kama huyo?”

Nyuma yake, wifi alitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. Mama Bawaba aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akaona kwamba hawakuwa wanaigiza. Walikuwa wanaamini. Aliingia ndani, akamkuta mama mdogo amelala huku taa inawaka, mkono mmoja ukutani, na akajua kwamba hataweza. Kama angeendelea kushindana na kaka yake kwa giza, aliyekuwa analala ndani ya giza hilo hakuwa kaka yake.

Kesho yake alileta dirisha. Lilikuwa refu, la mvule, la nyumba moja ya zamani upande wa pili wa mji. Aliliegemeza kwenye mraba wa lipu, akalisawazisha kwa vipande vya mbao, akafungua mabawa. Jua liliingia likakaa kitandani. Kwa mbali alisikika muuza matunda.

Mama mdogo aliamka. Alikaa kitako, akanyoosha miguu yake mpaka ikaingia ndani ya mwanga, akaivuta kanga juu ya magoti. Ukumbini wifi alikuwa tayari anakuja na beseni la nguo mbichi, na Kaka Mkubwa, aliyekuwa anapita, aliona mwanga chini ya mlango, akafurahi kwamba mambo yamekwisha kwa amani.

“La nani hili?” aliuliza mama mdogo.

“La watu wa mbali, mama. Jumba kubwa. Walichagua mvule wenyewe.”

“Wana akili. Litakaa hapa mpaka lini?”

“Mpaka lizoee. Kisha nitaleta jingine.”

“Katikati hapo, kabla ya hilo jingine, nitakaaje?”

Mama Bawaba aliokota bisibisi yake sakafuni, akaifuta kwenye nguo ingawa ilikuwa safi. Alitamani kuomba msamaha, na hakujua aanzie kwa lipi: kwa kuyaleta madirisha, kwa kuyazuia, au kwa kuyarudisha.

“Siku ukija kulichukua,” alisema mama mdogo, “njoo nikiwa nimelala.”

“Sawa, mama.”

Akatoka kwa kurudi nyuma, akimpisha wifi na beseni lake. Kisha akauvuta mlango polepole mpaka ukafunga, na haukulia.